Barua ya Karani Aliyeomba Radhi

Nasra mjukuu wangu,

Hapa mtaani Al Nahda, huku ughaibuni, hatujambo, ila goti la babu yako. Umeniuliza nawafundisha nini wanafunzi wangu wa kuwapekulia mawakili barua pepe za kesi kutafuta ushahidi.

Nilipokuwa mgeni kazini, nilimpa wakili barua ya karani aliyeshukiwa kuuza siri za kampuni, aliyowaandikia wakubwa wake: "Nisameheni kwa yote niliyowakosea." Wakili akasema, "Khalas, yamekwisha, amekiri!"

Nikaendelea kusoma. Kumbe siku ile ile alimwandikia hivyo hivyo dereva, mpika chai, hata mamake. Na kwa mamake aliongeza kwamba anakwenda Hija! Nami, mtoto wa Unguja, niliyemwona mama akipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi kabla ya safari hiyo, sikutambua. Nikamrudia wakili mbio.

Basi nawafundisha kusoma na barua inayofuata.

Mwaka huu nakwenda Hija mwenyewe. Karani yule sijui aliko, kwa hiyo naanza na wewe: nisamehe, mwanangu.

Bibi yako