Mama Amekula Yai

Makazi ya Mantapala,
Nchelenge.
Tarehe 9 Februari 2025

Mupendwa mudogo wangu Noëlla,

Jambo sana toka huku upande wa ziwa. Uko muzima? Na hilo tumbo, linakuacha ulale? Miguu imepunguka kuvimba, ao bado unavaa viatu vya bwana wako Dédé? Nikifumba macho nakuona huko Kolwezi umeshika kiuno, unaita "Mama yangu!" kila ukiinuka kwenye kiti, nami nacheka peke yangu hapa jikoni. Mungu akushike mukono mpaka siku yako ifike.

Sisi tuko, kwa neema yake. Keren wangu amepanda darasa, na sasa Kibemba chake kimeshinda Kiswahili. Nikimutuma chumvi ananijibu kama mutoto aliyezaliwa Kashikishi. Mama naye yuko. Habari yake ni ndefu, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga telefone, ile inayokatika kila ukifika penye maana. Roger, jirani yetu wa vitenge, anakuja huko kwa biashara yake. Nimemuambia asikupe barua mulangoni na kukimbia, angoje kwanza ukae. Lakini usishituke, si habari ya kilio.

Huku mvua haitupi nafasi. Ziwa limefungwa tangu Desemba ili samaki wazae, na mpaka mwezi wa tatu hakuna mutu wa kutupa wavu. Ukienda soko la Kashikishi unakuta dagaa kavu za chisense, za zamani, zimebaki vichwa na vumbi. Bukari yetu ya unga wa muhogo tunaila na majani, lengalenga ao sombe, na maharagwe. Bahati yangu ni kuku. Mwaka huu wanataga vizuri, hata chini ya kitanda cha Keren nimeokota mayai.

Na kila nikiokota yai lenye joto, ninarudi Pweto, kwetu kabla hatujakimbia vita. Wewe ulikuwa mudogo sana, sijui umebakiza nini kichwani. Unakumbuka Mama akiwasha mbabula ya makaa kabla ya jogoo? Ile sufuria nyeusi isiyo na mufuniko? Kazi yetu sisi ilikuwa kuyapima mayai kwenye maji. Lililozama linaenda sufuriani, lililoelea tunalitupa nyuma ya choo, na Papa anapiga kelele juu ya harufu. Mama alikuwa anayapanga kwenye maji ya baridi, anatia chumvi kidogo, ndipo anaweka motoni, pole pole, yachemke pamoja na maji yake. Alikuwa anasema ukiyatupa ndani ya maji ya moto yanapasuka yote, na yai lililopasuka halina mununuzi.

Halafu tunashuka bandarini, beseni la bluu kichwani kwake, chumvi na pilipili kwenye karatasi mukononi mwangu. Mashua za kuja huku Nchelenge zilikuwa bado zinapakia, watu wamekaa juu ya magunia, hawajala. "Mayai! Mayai ya kuchemsha!" Sauti ile ya Mama ilikuwa inafika mpaka kwa nahodha. Aligonga yai mara moja kwenye ukingo wa beseni, akalizungusha kwenye kiganja, na ganda lote likatoka kama nguo ya mutoto. Sijaona mutu mwingine wa kumenya vile. Papa amelala kaburini kule, nyumba yetu sijui nani anapikia ndani yake, lakini sauti ile ninaisikia mpaka leo.

Yale yaliyopasuka yalikuwa yetu. Tuligombania kiini, tukalamba chumvi kwenye vidole. Mama hakula hata kipande. Tulifikiri ni roho yake ya kutupendelea sisi, na hatukuuliza.

Sasa nirudi kwa siku ile ya Desemba. Ulipiga na furaha yako, ukaniambia dokta amesema ule yai la kuchemsha kila siku kwa sababu ya mutoto. Mama akaninyang'anya telefone. "Noëlla, usiguse yai! Minakukataza! Ungoje uzae kwanza!" Nawe ukamujibu kwamba mambo ya zamani yabaki zamani, ukakata. Sikulaumu, hata mimi nilikasirika naye. Lakini wewe hukuona uso wake. Alibaki na telefone kwenye mapaja, na siku ile hakula chakula. Sikukuambia kwa sababu sikujua nikuambie nini.

Tangu hapo akawa anakonda. Mwezi wa kwanza alianguka kwenye pompi ya maji, ndoo ikamwagika yote, wanawake wakamuinua. Tukamupeleka kliniki. Pale kuna sista muuguzi anaitwa Eneless, binti wa upande wa Chienge, mupole lakini hapindishi maneno. Yeye anaongea Kibemba na Kiswahili kidogo cha sokoni, na Mama, kwa miaka yake ya biashara, anamusikia vizuri. Akamupima, akavuta kope lake la chini, akasema damu imepunguka sana. Akatoa vidonge, akasema ale mboga za majani, maharagwe, na kwa sababu samaki hakuna, ale yai moja kila siku. Mama akaitika: ndiyo sista, asante sista.

Nikawa namuchemshia kila asubuhi. Kila asubuhi sahani inarudi tupu, nami nafurahi. Mpaka siku moja nikamukuta Keren nyuma ya nyumba, mudomo umejaa kiini. Mama, nkambo wake, alikuwa anamupa yai lote kila siku na kumuambia afunge mudomo.

"Mama, juu ya nini?" nikamuuliza. "Unataka kufa?"

Alichukua jembe, akaenda kupalilia mihogo.

Tuliporudi kliniki, sista Eneless akamupima tena, damu iko pale pale. Akauliza, "Mayo, mayai ulikula?" Hivyo ndivyo wanavyomuita mama huku. Nilitaka kujibu mimi, Mama akanigusa goti. Kisha akasema, na sauti kidogo sana:

"Sista, minauliza kitu. Yai moja, moja tu, inaweza kuua mutoto ndani ya tumbo?"

Eneless akaweka kalamu chini. Akainuka, akafunga mulango, akarudi kukaa karibu naye.

"Nani alikuambia hivyo, Mayo?"

Noëlla, ndipo nikasikia kitu ambacho wewe na mimi hatukuwahi kuambiwa. Mimi si mukubwa wetu. Kulikuwa na mwingine mbele yangu.

Mama alikuwa binti bado, ameolewa juzi juzi, ndiyo anaanza kuuza mayai. Yai moja likapasuka kwenye sufuria. "Nilikuwa na njaa ile ya mimba," akasema, "ile inakuamsha usiku. Nikakula nyuma ya nyumba, nikafukia maganda. Kuku wakayafukua. Mama-mukwe akayaona." Unajua Nkambo Suzanne, mama ya Papa, alivyoshika miiko. Mwanamuke mwenye mimba hagusi yai. Hakusema kitu. Lakini mutoto alipozaliwa kabla ya wakati wake, mwanaume, na akaishi mpaka jioni tu, Nkambo alisema mbele ya wanawake wote kwenye kilio: ni yai. Tena akamuonyesha Mama kwa kidole.

"Tangu siku ile sijatia yai mudomoni," Mama akasema. "Nauza, napika, namenya. Kula, hapana. Ningekula namna gani?"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, na machozi yananitoka bila sauti. Nilikuwa nayaona yale masufuria yote. Maisha yetu yote, madaftari yetu ya shule, kitenge changu cha harusi, vilitoka ndani ya kitu alichoamini kimemuulia mutoto, na kila asubuhi alikiinamia juu ya moto.

Eneless hakuharakisha. Akamuuliza wakati ule alikuwa na hali gani. Mama akafikiri, akasema alikuwa na homa, siku nyingi, baridi ya kutetemesha meno, na alibeba beseni vile vile. Kichwa kilimuuma mpaka haoni mulango. Mutoto alikuja katikati ya homa ile.

"Mayo," sista akasema, "mimi sikuwa pale, siwezi kuapa nini kilimuondoa mutoto wako. Lakini homa ya namna ile ninaijua. Kila masika inatuletea wanawake hapa, mimba zinatoka, watoto wanazaliwa kabla ya wakati. Yai lililoiva vizuri ni chakula. Linajenga mama, linajenga mutoto. Siyo yai."

Mama akamukazia macho.

"Donc, basi siyo mimi?"

"Siyo wewe, Mayo. Haikuwa wewe."

Hakulia. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakifungua, akakivaa tena. Akasema asante. Njia nzima ya kurudi alitangulia, mimi namufuata kwenye matope.

Tulipofika akachukua mayai kwenye kikapu changu, akayapima kwenye maji kama zamani, akawasha mbabula mwenyewe. Nilitaka kumusaidia, akasema, "Kaa." Nikakaa. Yalipoiva akayatia kwenye maji ya baridi, akagonga moja, akalizungusha kwenye kiganja, ganda likatoka lote. Akalishika muda murefu. Kisha akauma kidogo, pembeni, ule weupe, akatafuna kama mutu anayesikiliza kitu. Akauma tena mpaka kiini.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ndiyo hii watu walikuwa wanapigania bandarini."

Hapo ndipo alilia, Noëlla, na akala huku analia mpaka likaisha. Nami nikala langu pembeni yake. Keren akatuona, akafikiri tumegombana.

Siku hizi anakula moja kila asubuhi, na lengalenga yake, na vidonge vyake bila kuviruka. Ameanza kwenda tena shamba. Juzi Eneless amevuta lile kope, akacheka na kumupiga Mama begani. Damu inapanda.

Kuhusu Nkambo Suzanne, nilimuuliza Mama kama ana hasira naye. Akasema Nkambo alifundishwa hivyo na mama yake, na yeye pia alizika watoto wawili bila kuambiwa sababu. Akasema, "Alitafuta mahali pa kuweka uchungu, akanikuta mimi."

Sasa nakuandikia maneno ambayo Mama amekaa hapa karibu yangu ananiambia niandike, na amenikataza kuyapunguza. Anasema yale ya kwenye telefone yalikuwa woga, si ukali, uyatoe rohoni. Anasema kula mayai. Uyapime kwenye maji kwanza, lile linaloelea utupe. Uyaanzishe kwenye maji ya baridi, yakichemka uyaache mpaka kiini kishike kabisa, kwa sababu mwenye mimba hali yai la maji maji. Lakini usiende kupiga hadithi na jirani ukayasahau, kiini kinazungukwa na rangi ya kijani na kukauka mudomoni. Ukitoa, tia kwenye maji ya baridi, utamenya vizuri. Chumvi kidogo sana, kwa sababu ya miguu yako inayovimba. Kula na majani, na chungwa kama liko, na usilisindikize na soda. Usibebe yai lililochemshwa kutwa nzima kwenye joto. Na ukisikia homa, hata kidogo, hata kama ni usiku, Dédé akupeleke kwa dokta, usingoje kupambazuke. Hili la mwisho amenifanya nilisome kwa sauti mara mbili.

Leo ni Jumapili, tumetoka misani. Wiki iliyopita Mama alienda peke yake kwa katekista kuomba misa ya wafu, hakuniambia ni ya nani, nikafikiri ni ya Papa. Leo, wakati wa kusoma majina, katekista akasoma: "Antoine, mwana wa Barthélemy na wa Rosaria." Kumbe yule mutoto alikuwa na jina. Papa ndiye alimupa, muchana ule mumoja, na tangu kilio hakuna aliyelitamka ndani ya nyumba yetu. Mama alisimama wima katikati ya watu waliokaa. Wanawake wa nyuma wakanong'ona, yeye hakugeuka. Alibaki amesimama mpaka jina la mwisho.

Musalimu sana Dédé, muambie tunamutegemea. Musalimu mama-mukwe wako Marlène na wote wa nyumba yenu. Keren anakusalimu kwa Kibemba, mimi sijui kuandika alivyosema, lakini ameruka ruka. Mama anakusalimu kuliko wote. Pigia Mama ukimaliza kusoma, yeye kwanza, mimi nitangoja.

Mungu aliyekuleta duniani akulinde wewe na huyo unayemubeba, awavushe wote wawili salama. Na ukiwaombea ndugu zetu usiku, anza na Antoine.

Ni mimi yaya wako, dada mukubwa akupendaye daima,

Laurentine