Ngwe ya Mhando

Jumanne, 4 Februari 1975
Saa moja kamili nimepima ngwe kama kawaida. Hatua nne kwa kila mtu, kina cha kiuno, udongo wote unapelekwa kwenye tuta. Watu thelathini na wanane. Jua la kutisha. Akina mama wanatoka alfajiri kwenda mtoni, wanarudi adhuhuri na ndoo moja moja. Lambo hili la kutega maji ya mvua lisipokuwa tayari kabla ya masika, watu hawa watateseka hivi hivi mwaka mzima tena. Na mimi sitapewa kazi nyingine ya kusimamia. Hii ndiyo yangu ya kwanza.
Mhando kafika saa mbili na nusu. Jembe begani, muhogo wa kuchoma mkononi. Kachimba kidogo, kakaa. Ngwe yake mpaka jioni: hatua moja.

Ijumaa, 7 Februari
Nusu siku, watu wanakwenda kuswali. Nilimwita Mhando pembeni nimkaripie. Sijafungua kinywa, kaanza yeye, kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa shimo: "Msambaa wee! Kwenu mlimani maji yanateremka yenyewe mpaka jikoni. Utajulia wapi kuyatega?"
Vicheko kila upande. Majembe chini.
Mimi Msambaa wa Mpale, yeye Mzigua wa hapa hapa. Watani. Mtani akikutania ukanuna, aibu ni yako. Basi nikacheka. Nikamwambia Wazigua hata mvua huisubiri ije iwaamshe. Wakacheka tena. Habari ya ngwe ikaishia hapo.
Nimerudi na hasira zangu zote.

Jumatano, 12 Februari
Hatua moja na nusu. Wenzake wawili sasa wanakaa naye chini ya kichaka. Ananiharibia kundi. Namchukia, na mbaya zaidi nacheka kila anaponitania, maana anajua kuchekesha.
Leo kasema: "Mtani, shimo lako hili halitakaa maji. Chini ni mchanga mtupu. Maji yako kule kwenye mahame yetu."
Mahame ni kijiji chao cha zamani, walikohamishwa mwaka jana kuletwa kwenye nyumba hizi za mistari. Kila mtu anajua anatamani kurudi. Nikamjibu kwamba asipate taabu, mchanga huo ataogea yeye. Walicheka mpaka machozi. Yeye pia alicheka, ila aliacha mapema kuliko wengine.
Mahali palichaguliwa na wakubwa kwenye ramani, karibu na nyumba. Mimi ni nani?

Jumatatu, 17 Februari
Mwenyekiti wa kijiji kaja kukagua. Katembea juu ya tuta, mikono nyuma. Kauliza, mbona pale pana pengo? Nani anarudisha nyuma maendeleo ya watu?
Ningeweza kusema udongo mgumu. Ningeweza kusema mtu mgonjwa.
Nilimtaja.

Jumanne, 18 Februari
Mgambo wawili walikuja asubuhi. Mhando alidhani mchezo. Alikuwa bado anatabasamu walipomshika mikono. Kisha akanigeukia: "Msambaa, waambie basi!"
Niliinama nikakunja kamba yangu ya kupimia. Niliikunja polepole sana.
Wamempeleka kwenye ofisi ya kata.

Jumamosi, 22 Februari
Karudishwa jana. Siku tatu kalala ndani ya stoo ya mbolea. Amekatazwa kukanyaga hapa kazini, na jina lake limefutwa kwenye orodha ya mahindi ya msaada. Hilo la mahindi sikuliomba. Sikulipinga pia.
Ngwe yake anaichimba mkewe, Mama Zaituni, mtoto mgongoni. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Tutapumzika tukila." Hatua nne kamili kwa siku.
Kazi inakwenda vizuri mno. Hakuna anayecheka.

Jumapili, 16 Machi
Mvua! Siku mbili mfululizo. Lambo limejaa hadi kifua cha mtu. Watu walitoka na madebe, wakaimba, wakanibeba juu juu. Mwenyekiti katuma taarifa wilayani Handeni. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Mama Zaituni alichota maji yake akaondoka.

Jumanne, 18 Machi
Maji yamefika magotini. Mwenyekiti anasema ni jua. Jua gani, mbona kumetanda mawingu?

Jumatano, 19 Machi
Tope. Nimezunguka tuta lote kwa mikono na magoti nikitafuta ufa. Hakuna. Nimechimba katikati kwa mikono. Mkono ulipozama hadi kiwiko nikagusa mchanga, mweupe, laini, mkavu tayari.
Watu walisimama ukingoni na madebe yao. Mhando aliniambia. Mbele ya watu wote aliniambia, na mimi nikatafuta jibu la kuchekesha.

Alhamisi, 20 Machi
Mwenyekiti anataka niandike kwamba Mhando alitoboa tuta kwa hasira. Wilayani wataelewa upesi, kasema, na wewe utabaki na kazi yako. Mhando je? Hatalala tena kwenye stoo. Atapelekwa jela.
Kalamu niliishika muda mrefu. Naogopa, niseme kweli. Nina mama mgonjwa Mpale anayenitegemea.
Nimeandika: tuta ni zima. Mahali si pazuri. Mchimbaji mmoja alinieleza mapema, nikapuuza, kisha nikamtaja kuwa mvivu. Arudishwe kwenye orodha ya mahindi. Nikatia sahihi. Mwenyekiti kasoma, kaondoka bila kuniaga.
Kisha nikaenda kwa Mhando. Kanipa kigoda, yeye kakaa chini. Nikamtupia utani, kwamba nimekuja kuogeshwa mchanga. Akaitika, "Ndiyo, bwana." Nikamwomba radhi. "Ndiyo, bwana." Nikamwuliza kama atatuonyesha mahali kule mahameni. Akavaa viatu.

Jumatatu, 24 Machi
Wilayani hawajajibu taarifa yangu. Mwenyekiti anaogopa watu kuliko anavyonichukia mimi, kwa hiyo tumeruhusiwa kuanza upya mahameni. Mfinyanzi mweusi, mzito, unang'ang'ania jembe. Maji ya mvua ya asubuhi yametuama kwenye nyayo zetu hadi jioni.
Mhando alifika kabla yangu. Alichimba bila kuinua kichwa. Ngwe yake ilikwisha mapema kuliko zote, kuta zimenyooka. Akaomba nyingine.
Niliwatania Wazigua kwa jumla, nione kama watacheka. Mmoja wawili walimtazama yeye kwanza, wakaendelea kuchimba.
Jioni alifuta jembe lake kwa majani, akaja kuniaga kwa adabu zote, kama mtu anavyomuaga karani wa serikali.