Hakuna Aliyekaa Nyuma ya Darasa Langu

Matrah, 1968

Bi Zuweina,

Khabari ya kufa kwako imenifika wiki tatu baada ya maziko. Nililia, kisha nikaona haya. Kule Unguja, nilipokuwa mwalimu mpya na wewe mkaguzi wa skuli zetu, kila ulipokuja nilikuombea gari likuharibikie njiani. Ulikuwa ukikaa nyuma ya darasa, kimya. Kisha unamwita mtoto, unamwekea kidole katikati ya ukurasa: "Soma hapa, mwanangu." Akikwama, jicho lako linanigeukia mimi.

Hapa ng'ambo hakuna mkaguzi. Tunafundisha wasichana nyumbani kwa Bi Rahma, mimi na yeye tu, na mwaka mzima nimejiona mwalimu hodari. Watoto wakiimba ukurasa wa Kiarabu mwanzo hadi mwisho. Wazazi wakitusifu. Nani angenambia vyengine?

Mwezi uliopita alikuja baba yake Thuraya, mwanafunzi wangu bora. Akaweka chupa ya dawa mezani, taratibu.

"Mwalimu, soma."

Imeandikwa kijiko kimoja kwa siku. Thuraya alimsomea bibi yake vijiko vitatu, mara tatu. Bibi alikuwa kalazwa hospitali siku ya nne, hamjui mtu.

"Mtoto kasema kasoma," akaniambia. Hakupandisha sauti. Laiti angepiga kelele.

Alipotoka nilimwita Thuraya, nikamwekea kidole katikati ya ukurasa. Akaanza kuimba kutoka juu. Nikamwita mwengine. Vilevile. Bi Zuweina, hawajui kusoma. Wamehifadhi tu, na mimi ndiye niliyewahifadhisha.

Bi Rahma alitaka ninyamaze, wazazi wasije wakatoa watoto. Sikuweza. Niliwaita mama zao nikawaeleza yote. Watatu waliondoka na binti zao palepale. Bibi yake Thuraya kapona, alhamdulillahi, lakini nilipokwenda kumtazama hakutaka niingie.

Sasa kila Jumatatu Bi Rahma anakaa nyuma ya darasa langu, na Jumanne mimi nakaa kwake. Siku hizo hatupendani. Juzi kaniandikia makosa ukurasa mzima, na nilipokwisha kukasirika nikaona yote ni kweli. Thuraya tumemrudisha kwenye alifu, herufi ya kwanza.

Sikukushukuru hata siku moja, na sasa nnakuaga kwa karatasi. Nnakuahidi hili: sitomwambia mzazi yeyote kuwa mwanawe anajua kusoma mpaka asikilizwe na mtu asiyekuwa mimi.

Mungu akupe kaburi lenye nafasi.

Mwalimu wako,
Salma