Moto wa nyumba ya baridi

Ijumaa jioni. Andika, mkamwana, usinirekebishe.

Ile nyumba ya kijiji ya kuweka samaki imesimama. Jana asubuhi kuta zilikuwa zimelala kwenye lori. Mafundi wawili wakazipachika kwa kulabu, mashine ya baridi ikaja nzima, wakaibandika ukutani, na saa tisa ilikuwa inanguruma. Yangu mimi na marehemu mume wangu tulijenga miezi mitatu, na bado ilivujaga.

Nikapeleka kaa la moto, maana nyumba mpya lazima bibi awashe moto kwanza. Fundi akaziba mlango.

"Mama, humu tunataka baridi."

"Nyumba bila moto, baba, nani ataibariki?"

Akacheka, akaniachia niwashe nje, mlangoni.

Ndipo nikampa kapu langu la samaki, sato, aliweke ndani. La juzi lilioza lote kungoja lori la wanunuzi wa Bunda. Hili nalo likioza, sina cha kuuza.

Leo nimefungua. Samaki baridi, mgumu, jicho linang'aa. Nimemshika mpaka vidole vikauma.

Miaka yote nilikuwaga nakimbizana na jua. Leo nimekaa chini, lori lije saa yake.