Bonge Letu Limefika Makao Makuu

Mama Tumaini mpenzi,

Pokea salamu zenye jasho kutoka Kurasini. Lile bonge la makaa ya mawe ulilonifungia kwenye kanga nimelifikisha salama makao makuu ya shirika, waone kwamba mgodi wetu bado una mali, wasiufunge. Hapo mapokezi kuna kabati la kioo, ndani yake jiwe jeusi limeandikwa "Makaa Yetu". Nikachungulia, nikacheka. Ni kokoto la barabarani limepakwa rangi! Nilivyochimba miaka yote hii, nisilijue kaa? Nikamwambia ofisa, akanishika bega.

"Mzee wangu, taratibu. Hilo lilizinduliwa na mgeni rasmi."

Nikamkabidhi bonge letu. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Dah, zito hili," akaahidi kuliundia kamati.

Leo asubuhi nimerudi kuulizia. Umeme ulikuwa umekatika, joto halisemeki, wamefungua milango yote wapate upepo. Wabusu wanangu, na waambie wenzangu wa shimoni wasikate tamaa: bonge letu limeshapewa kazi. Linazuia mlango wa ofisa usijifunge.

Wako anayekukumbuka,
Baba Tumaini