Mjomba Katika Safu ya Marehemu

Sewwandi,

Orodha ya sadaka ya miezi mitatu tangu Mama afariki usiiguse tena! Ulitenganisha safu ya marehemu na ya walio hai kwa kitufe cha nafasi, mara ishirini kila mstari. Asubuhi nimeifungua kwa programu nyingine, majina yote yakahama. Mjomba Wimalasena akajisoma kati ya marehemu, chai ikampalia. Watawa wa Kibudha wangemwombea thawabu za marehemu naye amekaa pale anatafuna!

~~Kamwombe radhi.~~ Nitamwomba mimi. Wewe pika wali wa nazi, watawa wanafika saa tano.

Nimepanga upya kwa kitufe cha Tab, mara moja tu kila mstari. Nimeenda kuchapisha.

Jina la Mama lilikuwa limeangukia kwa walio hai. Hilo nimelirudisha kwa marehemu mwisho kabisa, baada ya mengine yote.

Dada yako