Askari Anayetazama Mbele

Mama Anatoli,

Niwie radhi kwa kukuandikia, ilhali kaburi lako liko hapo nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na ningeweza kutoka nikakusemesha. Nilijaribu juma lililopita. Jirani akaniuliza, kwa heshima zote, kama nimepotelewa na kuku. Nimeona kalamu ni salama zaidi.

Hapa Bakoba hatujambo. Anatoli hupiga simu kila Jumapili baada ya misa, na bado anaamini nitahamia kwake Mwanza. Mapazia nimeyafua, ingawa ningeomba usiyakague. Askari wetu wadogo wa mti bado wako kabatini kama ulivyowaacha, nami nawafuta vumbi kwa unyoya, kuanzia kichwani kushuka chini, kama ulivyonielekeza.

Leo nina habari za yule mmoja uliyemtenga.

Utakumbuka nilivyomleta kutoka duka la Bwana Nurali pale mjini, kwa furaha isiyolingana na umri wangu. Nilikuambia naye, kama wenzake, ni kazi ya Ta Felisiani wa Ijumbi, yule mzee aliyerudi kutoka vita vya Burma, akawachonga wenzake wa keya, lile jeshi la Mwingereza, kwa mashina ya mibuni iliyozeeka, kila mmoja na tarbushi yake na bunduki yake, urefu hauzidi kidole. Ulimgeuzageuza mkononi. Askari wetu wengine wote wamepinda shingo kidogo kuelekea kushoto. Huyu alitazama mbele. "Huyu ukoo wake haujulikani," ukasema, ukamweka peke yake juu ya redio, kama mposaji aliyekuja bila mshenga.

Nilikueleza, na samahani kwamba nilikueleza kwa kirefu, kuwa wale wa kushoto wako kwenye gwaride, wanampa heshima ofisa anayepita. Ukacheka. "Ofisa gani huyo asiyemaliza kupita? Hao wana njaa, Baba Anatoli. Shingo hukaa hivyo mtu akisikia harufu ya chakula."

Hata kitandani hospitalini ulikuwa ukiniuliza, "Yule wa redio, umeshamjua?" Sikuwa nimemjua.

Sasa Bwana Nurali anafunga duka. Anawafuata watoto wake ng'ambo kabla ya mwezi kwisha. Kwa uungwana wake aliniletea salamu: kama nina shaka na askari yule, nimrudishe, kwani yuko mtu mwingine anayemtaka. Nikaona siwezi kumfukuza kwa tuhuma, wala kumkaribisha kwa sababu tu nampenda. Ilinibidi nijue.

Basi Alhamisi nikamfunga kwenye leso yako ya kanisani, uniwie radhi, nikapanda basi la Muleba mpaka Ijumbi.

Binti wa Ta Felisiani, Ma Koletha, bado anaishi kwenye kibanja cha migomba cha baba yake. Amezeeka vizuri kuliko mimi. Alinipa kahawa ya kutafuna, akauliza ukoo wangu, akauliza na wako, ndipo akaniruhusu nieleze kilichonileta. Nilianza na gwaride. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitoa nje, akaniketisha mlangoni.

"Hapo ndipo Tata alipokaa akichonga. Haya, kushoto kwako kuna nini?"

Kulikuwa na jiko.

"Mama alipika mle. Tata anamtazama, anauliza kama ndizi zimeiva, na mkono unaendelea na kazi. Sasa wewe na gwaride lako, mzee wangu."

Ulipatia, Mama Anatoli. Nakuomba radhi kwa yale maelezo marefu.

Nikaifungua leso. Alimpokea yule wa redio na hakumgeuza hata kidogo.

"Huyu Tata alimchonga baada ya mama kufariki," akasema. "Mmoja tu. Halafu akaacha. Nilidhani alipotea."

Nilimwambia amchukue, kwa kuwa ni wake kuliko alivyo wangu. Akamfunga tena kwenye leso, akaniwekea mkononi. "Nenda naye. Kwangu atakuwa peke yake."

Njia nzima ya kurudi yalinijia maswali niliyosahau kuuliza. Je, Ta Felisiani alianza kuipinda ile shingo akashindwa, au alijua tangu mwanzo? Alikuwa anakula nini siku zile? Nani alimpikia? Nisamehe, ulizoea kusema kwamba ningeweza kumwuliza padre maswali katikati ya Injili.

Bwana Nurali nimempigia simu, nikamshukuru, nikamwambia askari habanduki. Nimemweka kabatini katikati ya wenzake. Wao wanatazama kushoto. Yeye anatazama moja kwa moja meza ya chakula, na kiti changu.

Sikukuambia kwamba tangu uondoke nimekuwa nikila nimesimama, chai na mkate, basi. Jana nilipika ndizi na maharage. Zilikuwa ngumu. Nilizila nimekaa, na sahani ikaisha.

Pumzika kwa amani, mke wangu. Nakuahidi nitapika, na nitakula mezani. Kesho nitaziacha motoni muda mrefu zaidi.

Mumeo,
Baba Anatoli